Omba picha ya ubavu kwanza: jinsi ya kuitambua reale feki ya Kihispania

Ukipewa sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na ngao na nguzo mbili upande wa pili, usianze na kichwa wala nguzo, igeuze uiangalie ubavuni. Hapo ndo watengeneza feki wanaposahau au wanaposhindwa, maana picha zinazowekwa mtandaoni ni za mbele na nyuma tu, ubavu hakuna anayeuonyesha mpaka uombe. Mimi niko na hizi sarafu miaka kadhaa sasa, nyingi nimenunua vizuri, moja nilipigwa vibaya, na hiyo ninayo hapa mezani wakati naandika, sijaitupa kwa sababu kila nikipata sarafu mpya naiweka pembeni yake nalinganisha.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Wahispania walipotawala Amerika walichimba fedha kwa wingi mno, hasa Mexico na Potosí ambayo leo ni Bolivia, wakawa wanapiga sarafu hukohuko. Iliyokuwa kubwa kuliko zote za fedha ni ya reale 8, ndo watu waliyoiita peso. Hiyo ilizunguka dunia nzima, meli zilikuwa zinaibeba kutoka Acapulco mpaka Manila kuanzia 1565 hadi 1815, ikaingia China, ikaingia Bahari ya Hindi, Marekani ilikuwa pesa halali mpaka 1857. Waarabu wakiziona zile nguzo mbili waliona mizinga, wakaiita abu madfaa. Na neno letu lenyewe la reale, na riali ya Oman, na ariary ya Madagaska, yote yanarudi kwenye jina hilihili. Kwa hiyo ukisikia bibi anasema reale, muulize ipi, maana kwetu wengi wakisema reale wanamaanisha ile ya Maria Theresa yenye mama mnene na mwaka 1780, hiyo ni ya Austria, ni nyingine kabisa, ina uzito wa gramu 28 na mambo yake mengine. Hapa naongelea ya Kihispania tu.

Na mimi kilichonivuta sio biashara. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piasta 20, na piasta ndo hii sarafu. Nikaisoma hiyo nikashika moja mkononi nikahesabu ishirini kichwani. Toka siku hiyo siwezi kuvumilia mtu akiuza bati la juzi akaliita ushahidi wa historia, sarafu ya kweli ilipita kwenye mikono ya watu waliouzana, feki haijapita popote.

Haya, vifaa. Unahitaji mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka 0.01 ya gramu, hizi zinapatikana kwa bei ndogo tu madukani Kariakoo na kwingine. Lenzi ya kukuzia mara 10. Kalipa ya kupima milimita, hata ya plastiki inafaa. Glasi ya maji, uzi mwembamba, sumaku yenye nguvu. Basi. Asidi usiguse, nitasema kwa nini baadae.

Hatua ya 1: piga hesabu ya fedha kabla ya kitu chochote

Reale 8 ya kawaida ina gramu 27.07 ikiwa mpya, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 24 na ushee. Angalia bei ya fedha ya siku hiyo kwa gramu, zidisha mara 24. Hicho ndo kiasi ambacho sonara angekulipa hata kama anaiyeyusha. Sasa mtu akikuuzia chini ya hapo, tena mwenyewe anaijua thamani yake, jiulize kwa nini asiipeleke kwa sonara akapata zaidi. Mara chache sana muuzaji anakuwa hajui kweli, mzee wa watu karithi na anataka kula. Wengine wote wanajua. Hii hatua haina gharama na imeniokoa mara nyingi kuliko lenzi.

Hatua ya 2: mizani na kalipa, vyote viwili kwa pamoja

Hapa ndo nilipopigwa. Muuzaji alinitumia picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, inasoma 26.88, nikasema basi hii ni yenyewe, maana sarafu iliyotumika inapungua kidogo, kati ya 26.6 na 27 ni kawaida kabisa, nikalipa. Ilipofika nikaona mkononi iko nene nene hivi, kama biskuti. Sikujua maana yake wakati ule.

Maana yake ni hii. Fedha ni nzito, shaba nyeupe na zile aloi za nikeli na zinki wanazotumia ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo mwenye kutengeneza feki ana njia mbili tu: aifanye saizi sawa na ya kweli halafu iwe nyepesi, itasoma kama gramu 22 au 23, ikiwa na chuma ndani inashuka mpaka karibu 20, au aifikishe gramu 27 kwa kuinenepesha, na hapo inazidi unene karibu nusu milimita. Haiwezekani vyote viwe sawa, labda atumie fedha kweli. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi, na kalipa peke yake haitoshi. Upana wa reale 8 zilizopigwa kwa mashine ni kati ya milimita 38 na 40. Ukiona uzito sawa, upana sawa, lakini unene umezidi, hapo anza kuwa na wasiwasi na nenda kwenye maji.

Ndogo zake zinafuata mgawanyo uleule, reale 4 ni nusu yake, gramu 13.5, reale 2 ni 6.7 hivi, reale 1 ni 3.4 kasoro kidogo.

Hatua ya 3: maji

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haiongopi kirahisi na mtoto wa shule anaweza kuifanya. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe taratibu mpaka izame yote lakini isiguse chini wala pembeni, unaishikilia ikining'inia tu. Mizani itasoma namba ndogo, hiyo ndo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ule uzito mkavu kwa hiyo namba.

Yangu ya kweli, ya Mexico, kavu ni 26.93, kwenye maji 2.61, jibu 10.3. Ile feki yangu kavu ni 26.88, majini 3.12, jibu 8.6. Yaani juu ya mizani zinafanana kama mapacha, ukiziingiza kwenye maji tu zinaachana kabisa. Reale za Kihispania zote za mashine zinatakiwa ziwe karibu na 10.3. Zile za nguzo, yaani zenye nguzo na dunia mbili bila kichwa cha mfalme, za 1732 mpaka 1772, zina fedha 917 kwa 1000, zilizofuata zenye kichwa cha mfalme zilianza na 903, halafu 1786 ikashushwa kimyakimya kwa amri ya siri mpaka 896, mfalme hakutaka watu wajue. Lakini kwenye maji hizo tofauti hazionekani, zote zinakaa 10.3. Ukipata 10.1 rudia, labda kuna mapovu yameganda kwenye sarafu, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji, mapovu yanaondoka. Ukipata 9 kushuka, usirudie, weka chini.

Ikisoma zaidi ya 11 kuna risasi ndani. Hiyo hata kucha inaweza kuikwaruza.

Hatua ya 4: ubavu

Sasa nimefika pale nilipotaka. Kabla ya 1732 sarafu za Kihispania za Amerika zilikuwa zinakatwa kwa mkono kutoka kwenye mkuo, yaani kipande kirefu cha fedha, hazina umbo, na watu walikuwa wanazinyofoa pembeni wanabaki na vipande vya fedha halafu wanazitumia vilevile kama nzima. Mashine zilipokuja Mexico mwaka huo wakaweka urembo ubavuni ili mtu akinyofoa ionekane. Kwa hiyo ubavu sio pambo, ni ulinzi, na ulitengenezwa kwa umakini.

Zile za nguzo na dunia mbili, zenye maneno VTRAQUE VNUM, ubavuni zina majani yanayofuatana kama yamelaliana, moja linaingia chini ya jingine. Zile zenye kichwa cha mfalme, za 1772 na kuendelea, ubavuni ni duara, mstatili, duara, mstatili, mpaka inazunguka. Ukiona mistari iliyosimama kama ya sarafu zetu za kisasa, acha hapohapo, hakuna haja ya kuendelea.

Lakini feki nzuri zinaweka duara na mstatili pia, kwa hiyo lazima ujue zilivyotengenezwa. Kipande cha fedha kabla hakijapigwa sura kilikuwa kinaviringishwa katikati ya vyuma viwili vilivyonyooka, kimoja kimetulia kingine kinasukumwa, kila chuma kina nusu ya urembo. Kikiviringika nusu mzunguko, pande zote mbili zinakuwa zimejaa. Sasa urefu wa vyuma na mzunguko wa sarafu haulingani barabara, kwa hiyo pale nusu mbili zinapokutana urembo unapandana au unaachana, duara linakalia mstatili, au mstatili unakuwa mrefu kuliko wenzake, au panabaki kipande kitupu. Na panakuwa na sehemu mbili za namna hiyo, zinatazamana, moja huku na nyingine upande wa pili kabisa, kama saa 3 na saa 9 kwenye uso wa saa.

Hebu fanya hivi: shika sarafu kwa vidole viwili, washa taa iwe pembeni, lenzi jichoni, zungusha polepole sana. Kwenye ile yangu ya kweli nikianza kwenye tarehe naenda kushoto naona duara, mstatili, duara, mstatili, zote zimetulia, halafu ghafla duara moja limebanwa limekuwa kama yai na mstatili wa pembeni yake umekatwa katikati. Naendelea, nusu mzunguko mbele, hapo tena, mistatili miwili imepandana. Mashine ya mtu iliyoachia alama yake miaka mia mbili na zaidi iliyopita, kila nikiiona nanyamaza kidogo.

Feki yangu nikiizungusha duara na mstatili zinafuatana bila kosa hata moja mpaka narudi nilipoanzia. Ni safi mno. Halafu nikiinamisha vizuri naona mstari mwembamba sana umepita katikati ya ubavu, unazunguka wote, huo ni mshono wa kalibu, pale pande mbili za kalibu zilipokutana wakati wanasubu, yaani wanamimina madini yaliyoyeyushwa. Sehemu nyingine wameupiga tupa kuuficha na mikwaruzo ya tupa iko palepale. Sarafu iliyopigwa chapa haina mshono wa namna hiyo. Ukiona mshono, hata kama uzito, maji na herufi vyote vimekubali, imesubiwa.

Muuzaji akikwambia hawezi kupiga picha ya ubavu kwa sababu simu haioni vizuri, mwambie aisimamishe kwenye kitabu apige karibu na dirisha mchana. Inawezekana, simu yoyote. Anayekataa amejibu.

Hatua ya 5: uso na herufi

Herufi za kweli zilichongwa kwenye chapa kwa vichongeo vya herufi mojamoja, zina kona kali, ukiziangalia kwa lenzi zinasimama kutoka kwenye uwanja kama ukuta. Za kusubiwa zina kona za mviringo, zimelegea, kama sabuni iliyotumika wiki moja. Kwenye uwanja wenyewe, sehemu tambarare, feki nyingi zina vitundu vidogovidogo vya hewa, au vichunusi vilivyoinuka. Vichunusi vinavyotokea sehemu ileile kwenye sarafu mbili tofauti zinazouzwa na mtu yuleyule ndo jibu lenyewe, maana kalibu ni moja. Kwa hiyo usiangalie sarafu moja, angalia na nyingine anazouza, linganisha mikwaruzo. Mikwaruzo haizaliwi pacha.

Ngao ina ngome na simba, katikati kuna maua matatu madogo ya ukoo wa Bourbon, chini kabisa kuna komamanga la Granada. Kwenye feki za hovyo simba anakuwa kama mdudu na komamanga linapotea. Kwenye feki nzuri yote yapo, usitegemee hapo sana.

Jambo moja watu wanalihukumu vibaya: mistari ya sambamba inayopita uwanjani, kama mtu kapiga tupa, halafu herufi zimepita juu yake. Hiyo mara nyingi ni ya kiwandani, kipande kikizidi uzito walikuwa wanakipunguza kwa tupa kabla ya kupiga chapa. Sio kasoro ya feki. Tofautisha na mikwaruzo inayopita juu ya herufi, hiyo imekuja baadae.

Hatua ya 6: je, mfalme, mwaka na herufi za wapimaji vinakubaliana?

Hapa ndo wengi wa kisasa wanajikwaa kwa sababu wanachanganya kichwa cha chapa moja na nyuma ya nyingine. Kila sarafu imebeba jina la mfalme, mwaka, alama ya mji na herufi za wapimaji wawili waliowajibika na ubora wa fedha. Vyote lazima vilingane.

Wafalme: PHILIP V kwenye zile za nguzo kuanzia 1732, halafu FERDND VI, halafu CAROLUS III kutoka 1760. Mwaka 1772 ndo kichwa cha mfalme kinaanza kuonekana. CAROLUS III alifariki Desemba 1788, kwa hiyo ukiona jina lake na mwaka 1796 hapo hakuna mjadala. Lakini tahadhari, 1789 na 1790 kuna sarafu halali zenye jina la CAROLUS IV na sura ya baba yake bado, kwa sababu sura mpya ilikuwa haijafika kutoka Hispania, usiiite feki kwa hilo. Kuanzia 1791 sura yake mwenyewe ipo na jina linaandikwa CAROLUS IIII, mistari minne. Kuanzia 1808 ni FERDIN VII, na Mexico walimchora miaka ya mwanzo kwa kubuni tu, amevaa deraya, sura haifanani naye.

Alama za miji: Mexico ni M yenye o ndogo juu yake. Potosí ni herufi P, T, S zimekaliana kama fundo. Lima nayo ni fundo la herufi za jina lake. Santiago S na o ndogo, Guatemala G kisha baadae NG, Bogotá NR. Potosí haikupiga reale 8 za nguzo za mashine mpaka 1767, kwa hiyo ya nguzo ya mashine ya Potosí ya 1745 haipo duniani.

Wapimaji wa Mexico wa wakati wa CAROLUS IIII: FM mpaka 1801, kisha FT mpaka 1803, kisha TH. Ile feki yangu imeandikwa 1795 na TH. Miaka minane kabla ya wakati wake! Ningejua hicho kitu kimoja ningesoma tu picha ya muuzaji nikajibu hapana asante. Kabla ya hapo, wakati wa CAROLUS III mwenye kichwa, ilikuwa FM, halafu FF kuanzia 1777 mpaka 1784, halafu FM tena. Na kuna kitu kizuri cha kujua, Mexico 1772 na 1773 alama ya mji na herufi za wapimaji ziliwekwa kichwa chini, kwa hiyo ukiiona hivyo kwenye miaka hiyo sio kosa, na ukiiona kwenye 1780 ni kosa.

Hatua ya 7: alama za Wachina

Sarafu nyingi zilizopita China zina mihuri midogo, wafanyabiashara walikuwa wanagonga alama zao wakishahakikisha ni fedha. Wauzaji wa feki wanaipenda sana hii, maana mnunuzi akiona maandishi ya Kichina anasema hii imesafiri. Angalia kwa lenzi. Muhuri uliogongwa kweli unasukuma chuma pembeni, ukingo wa shimo unainuka kidogo, na ukigeuza upande wa pili palepale sehemu imebonyea au imelala, herufi zimesagika. Muhuri uliosubiwa pamoja na sarafu hauna kitu upande wa pili, na chini ya shimo panakuwa na vitundu kama pengine pote. Na hata muhuri wa kweli sio hati ya ukweli, Wachina nao walidanganywa siku hizo.

Sumaku na mlio

Fupi tu. Ikishika sumaku ni chuma, kwisha. Isiposhika haujathibitisha chochote, shaba na nikeli-shaba nazo hazishiki. Ukiinamisha sarafu ya fedha ukaachia sumaku kali iteleze juu yake inashuka taratibu kama imechoka, lakini shaba nyekundu nayo inafanya hivyo. Mlio wa fedha ni mrefu na mwembamba, ila sarafu yenye ufa au iliyochomelewa kikuku haina mlio, na wengi wanaidondosha mezani wanaiharibu. Mimi siku hizi sifanyi.

Asidi ya sonara inaacha doa ambalo haliondoki, sarafu ya kweli inapoteza thamani ili tu ujue ni ya kweli. Afadhali nenda kwa wanunuzi wa dhahabu wenye mashine ya mionzi inayosoma madini, wanaishika kama bastola, sekunde chache inatoa asilimia. Kumbuka inasoma ngozi tu, sarafu iliyochovywa fedha nene inaweza kuidanganya, kwa hiyo majibu yake yaendane na ya maji. Ila ina faida moja kubwa ambayo maji hayana: fedha ya zamani ya Amerika ina chembe ndogo za dhahabu na risasi ambazo mafundi wa enzi hizo hawakuweza kuzitoa. Feki hatari zaidi ni zile zilizotengenezwa kwa fedha kweli, uzito sawa, maji sawa, na hizo fedha yake ya kisasa inakuwa safi mno, dhahabu hakuna kabisa. Hapo ubavu na mashine vinakusaidia.

Feki za zamani nazo zipo

Usidhani udanganyifu umeanza na intaneti. Birmingham kule Uingereza miaka ya mwanzo ya 1800 walikuwa wanatengeneza reale 8 bandia za kupeleka nje. Kuna zilizotengenezwa kwa ganda la fedha juu ya shaba, ufundi uliogunduliwa Sheffield miaka ya 1740, utaziona pale zilipochakaa, puani kwa mfalme na juu ya nywele, wekundu wa shaba unachungulia. Hata Potosí yenyewe, kiwanda cha serikali, miaka ya 1640 walikuwa wanapunja fedha, tajiri mmoja anaitwa Francisco Gómez de la Rocha alinyongwa kwa hilo 1650, na 1652 wakabadilisha kabisa sura ya sarafu ili watu waziamini tena. Kwa hiyo Potosí ya miaka ya 1640 ikikupa namba ya chini kwenye maji inaweza kuwa halali na bado ni ya wizi. Feki za zamani wapo wanaozikusanya na kuzilipia, usiitupe, ila inunue kwa jina lake, sio kwa bei ya ya kweli.

Zile za kukatwa kwa mkono

Zenye msalaba, hazina umbo, zinauzwa kama za meli zilizozama. Hapa ubavu wa urembo haupo, kwa hiyo shikilia mambo mawili, maji na mapacha. Kila moja ilikatwa kivyake, haiwezekani mbili zikawa na umbo moja na ufa mmoja. Ukiona picha mtandaoni inayofanana na yako mpaka kwenye kona iliyovunjika, yako imesubiwa. Meli kama Atocha iliyozama 1622 na El Cazador ya 1784 (za hii ya pili ni za mashine) sarafu zake za kweli zipo sokoni na vyeti, lakini cheti ni karatasi, kichapishi kila mtu anacho, kwa hiyo picha ya kwenye cheti iwe ya sarafu hiyohiyo na sio ya mfano. Na zile zilizofungwa kwenye plastiki na kampuni za kupima, chukua namba uiingize kwenye tovuti ya kampuni yenyewe uone picha, maana plastiki nazo zinaigwa.

Mwisho niwaeleze ya juzijuzi. Bi mkubwa mmoja jirani alinijia na kitambaa kimefungwa fundo, nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, nasikia wewe unajua hizi, hebu niangalizie, fundi mmoja kaniambia bati. Nikafungua. Reale 8, ina tundu juu kwa sababu ilikuwa kwenye mkufu wa marehemu bibi yake, imelika sura ya mfalme hata pua haionekani, nyeusi. Kwenye mizani 25.41. Kwa uzito peke yake mtu angesema feki, na huyo fundi nadhani aliishia hapo. Lakini tundu limeondoa fedha, na miaka ya kusuguana na nguo imeondoa nyingine, uzito lazima ushuke. Maji hayajali tundu. Nikaifunga uzi kupitia tundu lilelile la mkufu, nikaishusha, ikasoma 2.46. Nikagawanya mbele yake kwenye simu, 10.3.

Nikachukua lenzi nikaizungusha. Ubavu umesagika sehemu kubwa, ila karibu na tundu, pale mkufu ulipokuwa umeukinga, kuna duara tatu na mistatili miwili, na duara la tatu limekalia ukingo wa mstatili.

Nikamwambia mama, hii ni yenyewe, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno, iache hivyohivyo nyeusi. Akaniuliza, bei? Nikamtajia ya fedha yake kama inayeyushwa, nikamwambia asikubali chini ya hapo hata siku moja. Akaifunga tena kwenye kitambaa, fundo mbili, akasema sikuja kuuza.